Mkutano wa kuacha pombe Mombasa: nitaupataje, na nani atanipokea?

Swali

"Assalaam alaikum dada. Mimi ni fundi wa friji, miaka 41, nakaa Kisauni. Nakunywa kila siku, mchana mnazi, usiku mzinga wa pombe kali. Asubuhi nisipotoa loki kwa kinywaji kidogo mikono hutetemeka hata bisibisi haishikiki. Mke wangu amenipa hadi mwisho wa mwezi, la sivyo arudi kwao na watoto. Nimesikia kuna mikutano ya watu walioacha, na hawatozi pesa. Nilitafuta kwenye simu nikapata anwani, nikapanda matatu Alhamisi jioni, nikakuta geti limefungwa na bawabu hajui lolote. Nikarudi, nikanywa. Tena naambiwa mikutano yenyewe hufanywa kanisani. Mimi ni Mwislamu, na mzee wangu anajulikana msikitini. Nifanyeje?"

Jibu

Wa alaykum salaam, kaka yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama nawe pale getini. Umetoka kazini umechoka, umetoa nauli mfukoni, umekwenda kutafuta msaada mahali usipopajua. Wengi ninaowahudumia walikaa miaka kabla ya kufika hapo ulipofika Alhamisi ile.

Namna ya kuupata mkutano nitakueleza. Lakini kuna jambo kwenye barua yako siwezi kulipita, nalo ni hiyo mikono.

Mtu anayekunywa kwa wingi kila siku, kwa miaka, ubongo wake huvutana kamba na pombe. Pombe huulaza, nao hujikaza ubaki macho. Sasa mmoja akiiachia kamba ghafla, mwenzake huanguka kwa nguvu zake mwenyewe. Ndiyo maana kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Wengine huishia hapo. Wengine hushikwa na kifafa, zaidi katika siku mbili za mwanzo, hata kama hawajawahi kuwa nacho maishani. Na kati ya siku ya pili na ya nne mtu aweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani wasiokuwepo, mwili ukachemka, na asipotibiwa akafa. Sisi watu wa pwani tumeiona sana arosto ya unga, yale mateso ya mwili uliokosa kilevi ulichozoea, tukaamini hakuna mbaya kuliko ile. Arosto ya heroini ni mateso makubwa, lakini ni nadra yenyewe kumuua mtu mzima mwenye afya. Ya pombe huua.

Kwa hiyo, tafadhali, usijifungie chumbani Jumamosi ukasema "leo nimeacha". Nenda hospitali kwanza. Coast General ni karibu nawe, na Port Reitz kuna kitengo cha afya ya akili. Ukifika usimung'unye maneno: sema unakunywa nini, kiasi gani kwa siku, kinywaji cha mwisho kilikuwa saa ngapi, kama umewahi kuanguka kifafa, na dawa yoyote unayotumia. Daktari ana dawa za kuituliza ile mitetemo, unazitumia siku chache huku zikipunguzwa, na atakupa vitamini B1, kwa sababu pombe huimaliza mwilini na kuikosa huharibu kumbukumbu. Kama hospitali ni kesho asubuhi, usiku wa leo usikate ghafla kwa kujikaza. Najua ni maneno mazito kuyasikia kwa mshauri wa uraibu, lakini nataka ufike hospitali ukitembea kwa miguu yako. Na mwambie mke wako haya yote, ili akiona unaanguka, unatapatapa au unazungumza na watu asiowaona, asingojee kupambazuke. Akupeleke saa hiyo hiyo.

Hapo daktari atakuwa amekuvusha wiki ya kwanza. Shida ya mlevi haiko wiki ya kwanza peke yake, iko siku ya arobaini, pale mikono imetulia, mteja amelipa vizuri, na rafiki anapiga simu kutoka mangweni, kule kwenye mnazi. Siku hiyo ndiyo mkutano unapohitajika.

Sasa lile geti. Kundi kubwa zaidi la watu wanaosaidiana kuacha pombe duniani ni Alcoholics Anonymous, ambalo kila mtu hulitaja kwa herufi zake mbili, AA. Makundi yake hayana jengo lao wala mlinzi wao. Watu hukodi chumba kwa saa moja au moja na nusu, hupanga viti, huzungumza, huosha vikombe na kuondoka. Chumba kikitakiwa kwa shughuli nyingine, kundi huhamia kwingine, lakini anwani ya zamani hubaki kwenye intaneti mwaka baada ya mwaka. Bawabu naye hana la kukwambia. Kama anawajua, anawajua kwa jina la "wale watu wa Alhamisi", kwa sababu wao hawaweki bango mlangoni.

Hapa ndipo nataka ubadilishe njia. Wewe ulitafuta mahali. Tafuta mtu kwanza.

AA yenyewe ilianza hivyo. Mwezi Mei 1935, Mmarekani anayejulikana kwa jina la Bill W., dalali wa hisa kutoka New York, alikuwa na miezi mitano bila pombe. Alikuwa peke yake katika hoteli moja mjini Akron, jimbo la Ohio, na biashara iliyompeleka huko ilikuwa imemharibikia. Kutoka baa ya hoteli alisikia watu wakicheka. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Akaanza kupiga, moja baada ya nyingine, akiomba aunganishwe na mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Mwishowe akapelekwa kwa daktari wa upasuaji aliyekuwa akizama katika pombe, ambaye leo hujulikana kama Dr. Bob. Daktari alikubali kumsikiliza dakika 15 tu. Walikaa pamoja karibu saa sita. Tarehe 10 Juni mwaka huo, ambayo huhesabiwa kuwa siku ya mwisho ya Dr. Bob kugusa pombe, ndiyo AA huisherehekea kama siku ya kuzaliwa kwake. Mkutano huo wa kwanza haukuwa na ukumbi wala ratiba. Ulipatikana kwa simu.

Basi anza na simu. Piga 1192. Hiyo ni laini ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kupiga ni bure, na wanaopokea ni washauri. Usiseme tu "nataka msaada", kwa sababu mazungumzo yataweza kuelekea kwenye kulazwa katika kituo cha kurekebisha tabia, na huko kuna gharama. Sema hivi: "Naomba mkutano wa AA ulio hai hapa Mombasa, na namba ya mtu wa kundi hilo nizungumze naye kabla sijaenda." Ukimpata mtu huyo, muulize kama wiki iliyopita walikutana, wanazungumza lugha gani, na kama yuko atakayekungojea nje. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtu akijua kuna fulani mwenye shati la bluu anamsubiri getini saa kumi na mbili na nusu, hufika. Asipojua, hulizunguka jengo mara mbili akarudi zake nyumbani. Nimeliona hili mara nyingi mno.

Siku utakapokuwa hospitali, muulize pia muuguzi wa kitengo cha afya ya akili au afisa wa ustawi wa jamii, maana wao hupeleka watu kwenye makundi haya. Hapa mjini pia kuna MEWA, shirika la Waislamu, na Reach Out Centre Trust. Wote wawili wanajulikana kwa kazi yao na waraibu, hasa wa dawa za kulevya, lakini mtu wa pombe hafukuzwi kwa kuulizia njia. AA ina programu yake ya simu, Meeting Guide, ya bure. Itumie kama ramani, na kila inapokuonyesha mahali, piga kwanza.

Na ukitaka kusikia sauti za watu hawa leo hii, kabla ya kutoka nyumbani, ipo mikutano ya Zoom inayofanyika saa zote 24. Unahitaji bando na chumba tulivu. Kamera waweza kuifunga, na jina ukaandika herufi moja. Angalia tofauti ya saa tu: mkutano wa saa moja jioni London kwetu ni saa tatu au saa nne usiku, kutegemea majira yao. Mimi huwashauri watu wautumie kama daraja, wasihamie humo kabisa. Mkutano wa simu ukiisha, unabaki peke yako chumbani na kiu yako. Ule wa ana kwa ana ukiisha, kuna mtu anakusindikiza hadi stejini.

Nije kwenye kanisa, kwa sababu nahisi hilo ndilo linalokuuma zaidi. Ni kweli, sehemu nyingi AA hukutana katika vyumba vya makanisa, kwa sababu ndivyo vilivyo rahisi kukodi jioni. Lakini kundi ni mpangaji pale, na AA haifungamani na dhehebu wala dini yoyote. Mikutano mingi hufunguliwa au kufungwa kwa dua fupi ya kumwomba Mungu utulivu wa kuyakubali yasiyobadilika, ushujaa wa kuyabadilisha yanayobadilika, na hekima ya kuyatofautisha. Hakuna wa kukulazimisha kuitamka. Nyamaza, au soma yako moyoni.

Wana mwongozo wao, Hatua Kumi na Mbili, na ndani yake Mungu anatajwa "kama tulivyomfahamu". Maneno hayo yaliwekwa makusudi ili kila mtu aingie na imani yake. Ukizisoma hatua hizo kama Mwislamu utakutana na mambo uliyoyasikia tangu madrasa. Masheikh wametufundisha masharti ya toba: kuacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutoirudia, na ikiwa kuna haki ya mja umeichukua, umrudishie mwenyewe. Hatua ya nane na ya tisa ni hilo la haki za waja. Unaandika orodha ya watu uliowadhuru, kisha unawaendea na kurekebisha, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza zaidi. Tena, wapo Waislamu waliokaa kama ulivyokaa wewe, mguu mmoja ndani na mmoja nje, wakaanzisha mwaka 1989 huko Baltimore, Marekani, kundi liitwalo Millati Islami, linalozifuata hatua hizo kwa misingi ya Uislamu. Liangalie kwenye intaneti. Lakini usingoje upate kundi la Waislamu watupu ndipo uanze, mwisho wa mwezi uko karibu.

La kuonekana nalo. Kama ningetafuta neno letu moja la kuueleza msingi wa makundi haya, ningechagua stara. Watu hujuana kwa jina la kwanza. Hakuna rejista ya kusaini, kitambulisho hakiulizwi, na yanayosemwa chumbani hayatolewi nje. Ukimkuta humo jirani yako wa Kisauni, yeye naye amefuata lile lile, na ana siri ya kuogopa kama yako. Kama bado moyo mzito, chagua mkutano wa ng'ambo ya pili: vuka daraja la Nyali uingie kisiwani, au vuka feri kabisa. Siwezi kukuapia kwamba hakuna mtu atakayefungua mdomo, binadamu ni binadamu. Lakini niruhusu nikuulize kwa upole, kaka: siri hii, ni nani hasa asiyeijua? Mteja aliyekufungulia mlango saa tatu asubuhi alikunusa. Watoto wako wanakujua kwa mlio wa funguo zako. Wamekusitiri kwa kunyamaza. Wasiojua bado ni wale wanaoweza kukusaidia.

Ukiingia, utakuta pengine watu sita, pengine ishirini, wamekaa kwa duara au kwa safu, na chai mahali. Mmoja anaongoza, naye ni mlevi kama wengine, si daktari wala mhubiri. Husomwa kipande kifupi, kisha watu huzungumza kwa zamu: walikuwaje, nini kilitokea, leo wakoje. Mtu hujitambulisha kwa jina na kusema yeye ni mlevi. Wewe ukifikiwa waweza kusema "leo nimekuja kusikiliza tu", na hapana atakayekusukuma. Hawakatizani, hawabishani. Mgeni wa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja: watu wanacheka. Wanacheka kwa mambo ambayo wewe umeyalilia, kwa sababu wameyapita.

Kipo kikapu kitakachozungushwa. Ni cha kulipia chumba na chai, anayeweka anaweka, na mgeni haangaliwi. AA haina ada ya uanachama. Mtu akikuambia ulipe ili uingie mkutano wa AA, geuka uondoke, umepotea mahali. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, hamu ya kuacha kunywa. Halisemi uwe umeacha. Kwa hiyo hata jioni ambayo umeteleza, nenda. Kaa nyuma, sikiliza, usizungumze siku hiyo. Ipo mikutano ya wazi, ambayo hata mke wako aweza kukaa, na ipo iliyofungwa, ya wenye tatizo lenyewe tu. Wewe unakaribishwa kote kuwili.

Utauliza kama kukaa kwenye viti na kuzungumza kunaweza kumtoa mtu kwenye mzinga. Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane, inayopitia utafiti wa tiba kwa ukali sana, ilichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye watu 10,565. Katika kumfikisha mtu kwenye kuacha kabisa, mbinu za kumwingiza mtu katika AA kwa mpango maalumu zilifanya vizuri kuliko tiba nyingine za kisaikolojia zilizolinganishwa nazo. Si kwa kila mtu. Lakini ni jambo la bure kulishinda la kulipia, na mimi hilo nalichukulia kwa uzito.

Mkutano wa kwanza usipokupendeza, usiuhukumu wote. Makundi yana tabia kama vijiwe vya kahawa. Kimoja kina wazee wenye maneno mengi, kingine kina vijana wa Sheng. Nenda mitatu au minne kabla ya kusema haikufai. Na katika hiyo, mtazame mtu ambaye maisha yake bila pombe unayatamani, wa jinsia yako, mwenye angalau mwaka, umwombe awe sponsa wako. Huyo ni mlezi wako katika njia hii, mtu wa kumpigia saa tano usiku. Kuomba kunatia haya, najua. Aliyeombwa huona ni heshima, kwa sababu kumsaidia mwingine ndiko kunakomshikilia yeye mwenyewe asianguke.

Na ikitokea umetafuta kwa haki zote na karibu nawe hakuna kitu? Kwa desturi ya AA yenyewe, walevi wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe wanaweza kujiita kundi, mradi kama kundi wasijifunge na jambo jingine. Baraza ya nyumba na birika la kahawa ya tangawizi vinatosha. Lakini angalau mmoja awe ameshakaa na kundi la zamani. Watu wawili ambao wote wako siku ya tatu huweza kuzama pamoja.

Mke wako naye amechoka, kaka, na anahitaji mahali pake. Kuna Al-Anon, iliyoanzishwa 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi. Ukipiga 1192, uliza na hiyo. Mwambie pia jambo moja kutoka kwangu: akishauriwa na mashoga zake akutilie vidonge kwenye chai bila wewe kujua, akatae. Ipo dawa iitwayo disulfiram, inayomfanya mtu augue vibaya akinywa pombe, na daktari huitoa kwa mgonjwa anayejua na aliyekubali. Kumpa mtu kwa siri, naye aende zake mangweni, yaweza kumuua.

Mwisho, panga saa. Kwa sheria ya vileo ya 2010, ile watu waliyoiita ya Mututho, baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Hiyo ndiyo saa uwe umeshaoga na umekula. Njaa na uchovu vimewaangusha watu wengi kuliko huzuni. Kisha panda matatu, kwa njia isiyokupitisha unaponunulia, hata kama ni ndefu. Ile 1192 na namba ya mtu wako wa kundi zihifadhi kwenye simu kwa jina lolote, hata "spea za friji", uzipige kabla ya kinywaji cha kwanza. Na ukikuta geti limefungwa tena, usitafute matatu ya kurudi. Piga ukiwa hapo hapo umesimama.